Mwanza Iko Mbali Kiasi Gani?

Ukinyoosha mstari kwenye ramani kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, unapata kilomita zipatazo 850. Ukifuata lami ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, zinafika kama 1,150. Kwa reli inayopitia Tabora zinapanda hadi 1,220 hivi. Hesabu zote tatu ni za kweli, na kwa mchora ramani zinatosha. Lakini kwa mgonjwa mwenye miadi ya kliniki Muhimbili, kwa mwanafunzi aliyeitwa kuripoti chuoni, kwa mwenye duka wa Mwanza aliyekwisha kulipia mzigo Kariakoo, hazijibu kitu. Swali lao ni moja: nitafika lini, mzigo utafika lini?

Ukilifuatilia swali hilo unajikuta kwenye misafara ya wapagazi, kwenye mipaka iliyofungwa na kufunguliwa, kwenye amri ya kuzuia mabasi usiku, kwenye nyaya za umeme wa treni. Miji hii miwili haijasogeleana hata hatua moja. Muda wa kutoka mmoja hadi mwingine umewahi kuwa miezi mitano, ukawa siku mbili, na leo unaweza kuwa saa kumi na saba au saa moja na nusu. Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya umbali huu imetengenezwa na watu kwa maamuzi yao, na kwamba watu hao hao wanaweza kuupunguza bila kuongeza mwendo wa gari hata kidogo.

Tuanze na ramani yenyewe, maana ina jambo ambalo wengi hatulitazami. Kwa mstari mnyoofu, kutoka Mwanza hadi Kampala ni kama kilomita 320. Kigali iko umbali huo huo kwa makadirio. Bujumbura ni 400 hivi, Nairobi kama 460. Dodoma, makao makuu ya nchi, iko zaidi ya kilomita 500. Maana yake, majiji manne makubwa ya nchi jirani yako karibu na Mwanza kuliko makao makuu ya Tanzania yalivyo, na Dar es Salaam iko nyuma zaidi. Hata jua linalijua hilo. Mwanza iko magharibi ya Dar kwa nyuzi zaidi ya sita za longitudo, kwa hiyo jua huchomoza huko kama dakika 25 baadaye ingawa saa za ukutani zinasoma sawasawa. Mtu wa Mwanza anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi anatoka gizani.

Huu ni mji wa ziwani. Kuuunganisha na pwani kwa upande wa Dar kulihitaji nguvu ya makusudi, na kila nguvu hiyo ilipolegea, njia ilipinda kwenda kwa jirani.

Kabla ya reli, safari ya bara ilihesabiwa kwa miezi. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwanzoni mwa Novemba. Baada ya kwenda Ujiji na kurudi, Speke alielekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858, akiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akaliona ziwa akiwa Mwanza. Kutoka Kaze hadi hapo alitumia wiki tatu na siku kadhaa. Ukijumlisha vipande hivyo viwili, pwani hadi ziwani ni zaidi ya miezi mitano.

Sasa piga hesabu. Kutoka pwani hadi Tabora ni kama kilomita 850 kwa njia ya miguu. Mpagazi mwenye mzigo akienda kilomita 15 kwa siku, mwendo ambao Mnyamwezi mzoefu aliuweza, angefika kwa siku zisizotimia 60. Burton alitumia zaidi ya 130. Zaidi ya nusu ya muda wake, basi, haikuliwa na mwendo. Ililiwa na kusimama.

Walisimama kwa sababu nyingi, na inafaa kuzitaja maana tutakutana nazo tena zikiwa zimevaa nguo za kisasa. Msafara ulitembea saa chache za asubuhi, kisha ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Wapagazi waliugua, walitoroka, wengine walisubiriwa. Katika Ugogo palikuwa na hongo, ushuru wa njia waliotoza watemi wa Kigogo, na majadiliano ya vitambaa na shanga yaliweza kuuzuia msafara siku kadhaa kwenye kijiji kimoja. Watemi hawakuwa wanyang'anyi, kama baadhi ya wazungu walivyowaandika. Walikuwa wenyeji wa nchi kavu yenye visima vichache, na msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji yao na kununua chakula chao hadi bei ikapanda. Mbele ya Ugogo ulikuja Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukame. Hapo msafara ulilazimika kutirikeza: kuondoka mchana, kulala njiani bila maji, na kuamkia kwenye kisima siku ya pili. Kiongozi mzuri wa msafara hakusifiwa kwa kasi ya miguu. Alisifiwa kwa kujua lini aondoke, alipe nini na kwa nani, na maji yako wapi.

Wajerumani walipoweka utawala wao, wengi wangedhani Mwanza ingeelekezwa Dar es Salaam moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa, ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaukamilisha mnyororo. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Mwanza pembeni. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, chini ya Waingereza. Kwa zaidi ya robo karne, bandari iliyokuwa karibu na Mwanza kwa muda na gharama ilikuwa Mombasa, ingawa bendera iliyopepea Mwanza ilikuwa ya Dar es Salaam. Pamba na ngozi za Usukuma zilipanda meli kwenda Kisumu, na kutoka hapo treni kwenda baharini. Anayedhani umbali hupimwa na mipaka ya utawala auangalie muda huo.

Baada ya 1928 kilomita 1,220 za reli zikawa safari ya takribani siku mbili, na kwa miongo mingi Mwanza ikazoea hivyo. Treni ilikuwa na polepole yake, lakini ilikuwa na ratiba: abiria wa daraja la tatu alijua siku ya kuondoka na siku ya kufika, akabeba chakula chake kwa kipimo. Matatizo yalikuwa ya maumbile ya njia yenyewe. Reli ni moja, upana wake ni milimita 1,000, na treni mbili zinazokutana lazima moja ingojee kwenye stesheni yenye njia ya kupishania. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata bonde la mto Mkondoa, na mto ukifurika reli inakwenda na maji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliiharibu vibaya. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata tena, na kwa miezi kadhaa treni hazikupita hapo. Wakati kama huo kilomita zinabaki zile zile kwenye ramani, lakini Mwanza imehamia mbali.

Barabara nayo ina kisa chake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la ndege la pamoja likafa, Tanzania ikaanzisha lake, na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwishoni mwa 1983. Mpaka ulipofunguliwa, na biashara ya mabasi ilipoachiwa watu binafsi, abiria wa Dar na Mwanza wakagundua njia ambayo leo kijana wa miaka ishirini haiamini akisimuliwa: kupitia Nairobi. Basi lilitoka Dar, likaenda Moshi na Arusha, likavuka Namanga, likapita Nairobi, likaingia tena Tanzania kwa Sirari, likateremka Musoma hadi Mwanza. Mtanzania aliyesafiri kutoka mji wa Tanzania kwenda mji wa Tanzania alihitaji hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kugongewa mihuri mara nne. Alifanya hivyo kwa sababu njia ya ndani, kutoka Dodoma kwenda Singida hadi Nzega, ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mlima Sekenke ulikuwa na sifa ya kumeza malori. Njia ndefu ilikuwa fupi.

Katika muongo wa kwanza wa karne hii lami ikaunganishwa kipande kwa kipande kwenye njia ya kati, Sekenke ikachongwa upya, na mabasi ya Nairobi yakafa yenyewe. Sijui kama kuna mradi mwingine wa barabara nchini uliobadilisha jiografia ya vichwa vya watu kiasi hicho. Singida, iliyokuwa mwisho wa dunia kwa mtu wa pwani, ikawa mahali pa kula kuku na kununua alizeti ukiwa njiani.

Tuje kwenye basi la leo, maana ndilo usafiri wa walio wengi. Sheria inaliwekea basi la abiria kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi 50. Kilomita 1,150 kwa mwendo wa 80 bila kusimama hata kidogo ni saa 14 na dakika 20 na ushee. Lakini njia imejaa vijiji, na kila kijiji kina kibao chake cha 50. Tuseme kilomita 200 tu za njia nzima ziko kwenye vibao hivyo: hizo ni saa nne, na 950 zilizobaki ni karibu saa 12. Tayari tuna saa 16, na abiria hajala wala hajachimba dawa. Ongeza mlo wa nusu saa, ongeza mizani za Vigwaza, Mikese, Nala na Njuki, ongeza matuta, ukaguzi wa trafiki, abiria wa kushusha Dodoma na wa kupandisha Singida, foleni ya kutoka Dar. Saa 17 au 18 ndizo za haki. Mwenye basi anayekuahidi saa 12 anakuahidi kuvunja sheria ukiwa ndani.

Na hizo ni za kutoka stendi hadi stendi. Kituo cha Mbezi Luis, kilichofunguliwa 2021 badala ya Ubungo, kiko vizuri kwa basi linaloelekea bara, lakini anayekaa Kigamboni au Mbagala na basi lake linaondoka saa kumi na moja alfajiri hana daladala ya kutegemea muda huo. Anakodi bajaji au bodaboda usiku wa manane, au analala kituoni. Upande wa pili anashukia Nyegezi, na kama kwao ni Magu au Ukerewe safari bado inaendelea. Mtu kama huyo akisema ametumia siku nzima na nusu, hatii chumvi.

Kwa karibu miaka thelathini kulikuwa na kizuizi kingine kikubwa kuliko mizani zote. Katika miaka ya 1990, kwa sababu ya ajali na ujambazi wa barabarani, serikali ilipiga marufuku mabasi kutembea usiku. Nia ilikuwa njema na hali ya wakati ule ilikuwa mbaya kweli. Lakini tazama amri hiyo ilivyofanya kazi. Basi la Mwanza liliweza kuondoka alfajiri tu, na likapaswa kufika kabla ya usiku wa manane. Muda halali wa safari ulikuwa takribani sawa na muda ulioruhusiwa, kwa hiyo pancha moja au foleni moja Kibaha ilimtia dereva kwenye uchaguzi mbaya: akimbize gari au abiria walale njiani. Wengi walikimbiza. Mabasi ya Bukoba na Kigoma hayakuwa hata na uchaguzi huo. Yalilala njiani, abiria wakajikunja vitini au wakalipa gesti. Amri iliyotungwa kupunguza ajali za usiku ilitengeneza haraka ya mchana. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni mwaka 2023 kwamba marufuku inaondolewa, na tangu Oktoba mwaka huo mabasi yanaruhusiwa kusafiri saa 24.

Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi uliopunguza umbali wa Kanda ya Ziwa kwa bei ndogo kuliko mwingine wowote wa miaka ya karibuni. Haukujenga hata mita moja ya lami. Ulichokifanya ni kumpa abiria haki ya kuondoka jioni baada ya kazi na kufika asubuhi akiwa na siku nzima mbele yake. Wanaopinga wana hoja ambayo haifai kupuuzwa: usingizi wa dereva ni hatari, na malori mabovu yaliyoegeshwa barabarani bila taa ni hatari zaidi. Jibu lake liko kwenye kanuni ambayo ipo tayari, kwamba safari inayozidi saa nane iwe na madereva wawili, na kwenye kuondoa magari mabovu njiani. Kuzuia watu wote wasisafiri usiku kulikuwa ni kuliadhibu basi kwa kosa la lori.

Mfano mwingine uko mlangoni mwa Mwanza penyewe. Anayetoka jijini kwenda Sengerema, Geita au Bukoba alikutana na mkono wa ziwa kati ya Kigongo na Busisi. Upana wake ni kilomita tatu hivi. Kwa kivuko, kuvuka kwenyewe kulichukua zaidi ya nusu saa, na kungoja zamu kuliweza kuongeza saa moja au mbili. Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, limefanya kuvuka kuwe dakika chache. Kwa kilomita, safari ya Mwanza hadi Geita haijapungua. Kwa saa imepungua sana, na kwa mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Bugando usiku imebadilika kabisa, kwa sababu sasa hangoji kivuko.

Kuhusu ndege nitasema kwa ufupi. Airbus ya Air Tanzania inafika Mwanza kwa saa moja na nusu hivi, na ndege za pangaboi huchukua zaidi kidogo. Weka foleni ya kwenda uwanjani, muda wa kufika mapema kabla ya kuruka, mizigo na teksi ya upande wa pili, na safari ya saa moja na nusu inakuwa ya saa tano au sita mlango kwa mlango. Bado ni theluthi ya basi. Lakini nauli yake ni mara kadhaa ya basi, na idadi ya ndege ni ndogo kiasi kwamba ndege moja ikikwama ratiba nzima inatikisika, kama ilivyoonekana Airbus A220 zilipoanza kusimamishwa mwaka 2022 kwa matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza navyo vimeonja umbali huu: kwa miaka mingi samaki wao waliokuwa wanakwenda Ulaya walisafirishwa kwa malori hadi viwanja vya Nairobi na Entebbe ili wapande ndege huko. Njia ya jirani tena.

Matumaini makubwa sasa yako kwenye reli mpya. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Safari ya Dodoma ambayo basi huifanya kwa saa nane, treni inaifanya kwa chini ya saa nne ikiwa haina vituo vingi. Reli nzima hadi Mwanza imepangwa kuwa na kilomita 1,219, karibu sawa kabisa na ile ya zamani. Ufupi wake hauko kwenye kilomita. Uko kwenye mwinuko uliosawazishwa, kona zilizonyooshwa, mahandaki ya Kilosa yanayoiepusha reli na mto, na mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Wastani wa treni ya Dodoma, ukihesabu kusimama, ni kama kilomita 125 kwa saa. Kwa wastani huo Mwanza itakuwa saa kumi kutoka Dar. Abiria ataondoka alfajiri na kula chakula cha jioni ziwani.

Nasema “itakuwa” kwa sababu vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Isaka hadi Mwanza ni vya awamu nyingine za ujenzi. Wakati huo ukingojewa kuna jambo linaloweza kufanyika sasa hivi. Abiria akipanda treni hadi Dodoma kwa chini ya saa nne, kisha akaendelea na basi kwa kilomita 700 zilizobaki kwa saa kumi au kumi na moja, angeweza kufika Mwanza kwa saa kumi na tano. Lakini asipokuta basi linalomngoja, hapati faida hiyo. Anashuka stesheni, anatafuta usafiri hadi stendi ya mabasi, anakuta mabasi mengi ya Mwanza yanapita Dodoma yakitoka Dar yakiwa yamejaa, na saa alizookoa kwenye treni anazimaliza akiwa amekalia begi lake. Shirika la reli na wenye mabasi wangekubaliana juu ya mabasi machache yanayoondoka nusu saa baada ya treni kuingia, kwa tiketi moja, Mwanza ingesogea kwa saa mbili au tatu kabla ya kipande kimoja zaidi cha reli kukamilika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha suala. Nauli za mabasi ya masafa marefu hupangwa na mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, kwa kilomita. Viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha kwa 1,150 na unapata nauli ya Mwanza kwa viwango hivyo: kama shilingi 55,700 kwa la kawaida na 78,000 kwa la kati. Hesabu hiyo iko wazi, na konda akizidisha nauli abiria ana pa kulalamika. Lakini abiria haishi kwa kilomita, anaishi kwa saa. Tiketi yake ya basi mara nyingi inasema saa ya kuripoti na saa ya kuondoka, basi. Saa ya kufika haimo. Kwa hiyo basi likichelewa saa tano hakuna ahadi iliyovunjwa, na likiwahi kwa saa tano hakuna anayeuliza liliwahi vipi.

Hasara ya kukosa saa ya kufika inawaangukia wasio na uwezo. Mwenye fedha hununua uhakika: anapanda ndege ya asubuhi na kurudi ya jioni. Mgonjwa wa kutoka Misungwi mwenye miadi ya Jumatano Muhimbili hanunui uhakika, kwa hiyo anaondoka Jumatatu. Analala kwa ndugu au anapanga gesti, anakula kwa siku ya ziada, na anayemsindikiza anapoteza siku hiyo hiyo shambani. Mwenye duka naye anaagiza mzigo mkubwa kuliko anaouhitaji kwa sababu hajui ujao utafika lini, na fedha yake inalala stoo. Ukizijumlisha siku hizo za tahadhari kwa abiria wote wa Kanda ya Ziwa, huo ndio umbali halisi, na hauandikwi popote.

Ningependelea basi linalofika saa 18 kila siku bila kukosa kuliko linalofika saa 14 leo na 22 kesho. Nadhani abiria wengi wangesema hivyo hivyo wakiulizwa, na wangesema kwa sauti zaidi madereva, ambao ndio wanaofukuzana na muda ambao hakuna aliyeupima.

Upimaji wake hauhitaji fedha mpya. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo. Dereva akizidisha, king'ora kinalia na taarifa inafika LATRA. Kifaa hicho hicho kinarekodi basi limeondoka saa ngapi, limesimama wapi kwa dakika ngapi, na limeingia Nyegezi saa ngapi. Hadi sasa taarifa hizo zimetumika hasa kuwakamata madereva. Ombi langu kwa LATRA ni kwamba zitumike pia kumhudumia abiria: kila mwezi zitangazwe saa halisi za kufika kwa kila njia kubwa, saa ya kufika iandikwe kwenye tiketi kwa kufuata wastani huo, na mizani au kituo cha ukaguzi kinachokula dakika nyingi kuliko vingine kitajwe kwa jina ili kirekebishwe. Na wewe msomaji, safari ijayo ukikata tiketi, muulize wakala saa ya kufika kabla ya kutoa fedha, na umwombe aiandike.